Mzee kwa Mzee: Jinsi ya Kumsaidia Mwenzako Anayepona Ugonjwa wa Akili

Mwongozo huu ni wako wewe uliyevuka miaka hamsini na kitu, uliyewahi kuugua akili ukapata nafuu, na unayeishi Nyamache au kwenye vilima vinavyoizunguka, kuanzia Itumbe hadi Nyacheki na Nyangusu. Huenda ulilazwa. Huenda hukulazwa, ulimeza dawa kimya kimya nyumbani huku majirani wakiambiwa ni malaria. Kwa vyovyote vile, unajua usiku usio na usingizi ulivyo mrefu, unajua mdomo unavyokauka mtu akianza dawa, na unajua jirani anavyobadilisha njia akikuona. Maarifa hayo yana kazi. Kuna mzee mwenzako ametoka hospitalini na anayahitaji.

Kazi yenyewe huitwa usaidizi wa rika. Haihitaji shahada. Inahitaji utaratibu, mipaka na mtu wa kumwuliza unapokwama, na hayo ndiyo tutakayoyapitia.

Kwa nini mzee kwa mzee

Kijana wa miaka 25 akipata nafuu, watu humwuliza atarudi kazini lini. Mama wa miaka 70 haulizwi. Familia hushukuru Mungu kwamba ametulia, kisha humwacha nyuma ya nyumba akiota jua. Ametulia, ndiyo, lakini hajapona. Kupona ni kurudi kwenye kiti chake kanisani, kupeleka majani chai yake mwenyewe kituoni, na kuulizwa maoni mahari inapojadiliwa. Asiporudishiwa hayo, huzuni humrudia upesi, na familia husema dawa hazifanyi kazi.

Kwamba watu wazima wanaweza kufanya kazi hii, ushahidi upo. Mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare, Zimbabwe. Walifundishwa kuketi na mtu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, kumsikiliza, na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kushughulikia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia watu 573 katika kliniki 24 za jiji hilo. Baada ya miezi sita, sonona, ile huzuni nzito, ilikuwa imebaki kwa watu kama 14 katika kila 100 waliopitia benchini. Kwa waliopata huduma ya kawaida ya kliniki, ilibaki kwa 50 katika kila 100. Waliosaidiwa wengi walikuwa vijana. Wasaidizi ndio waliokuwa bibi. Hapa Kenya, shirika la Users and Survivors of Psychiatry in Kenya, lililoanzishwa mwaka 2007 na watu walioishi na ugonjwa wa akili wenyewe, huendesha vikundi vya wenza. Kwa hiyo hubuni jambo geni. Unalileta Nyamache.

Hatari ya hapa kwetu

Miongozo mingi iliyoandikwa mbali haigusi jambo hili, nami naliweka mbele kwa sababu linaua. Mzee anayeongea peke yake, anayetembea usiku, anayepotea njia akajikuta kwenye boma la mtu alfajiri, anaweza kuitwa *omorogi*, yaani mchawi. Mei 2008 watu 11 walichomwa moto hadi kufa katika eneo la Kisii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa Marani kwa tuhuma hizo hizo. Ugonjwa wa akili na ule wa kusahau wa uzeeni huleta hasa tabia hizo zinazotiliwa shaka.

Kwa hiyo ziara yako ina kazi mbili: kumpa mwenzako mtu wa kuzungumza naye, na kuwaonyesha majirani kwamba ana mtu. Nenda mchana. Pita njia ya watu wengi, salimia. Keti naye uwanjani, si chumbani, na ule alichopika, mbele ya macho ya watu, hasa kama wameanza kukwepa chakula chake. Uvumi hukua mahali mtu haonekani. Mkiwa na la siri, shusheni sauti, msijifiche.

Ukisikia jina lake linatajwa vibaya:

1. Usingoje kuthibitisha. Siku hiyo hiyo mwambie chifu au naibu wake, na mtu mmoja mwenye sauti kanisani kwake.
2. Tishio likiwa la wazi, nenda kituo cha polisi au piga 999 au 112. Kumtangaza mtu hadharani kuwa mchawi ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Uchawi, na inafaa wanaovumisha waambiwe hivyo na chifu mwenyewe.
3. Kubaliana na familia alale kwingine kwa siku chache. Usimhamishe kwa siri bila wao kujua, utaongeza moto.
4. Mweleze mhudumu wa kliniki. Akisema mbele ya mzee wa kijiji, bila kutaja undani, kwamba huyu ni mgonjwa anayetibiwa, maneno yake yana uzito ambao yako hayana.

Nani aende kwa nani

Fikiria *chinsoni*, ile desturi ya heshima na haya kati ya jamaa, kabla ya kupanga ziara. Mkwe hawezi kumfungulia mkwe moyo, na baba hatamweleza mwana mambo ya kitandani au ya mkojo kumtoka usiku. Chagua mtu wa rika lake, au wa kizazi cha mjukuu, ambaye desturi inaruhusu kutaniana naye. Mwanamke aende kwa mwanamke isipokuwa mwenyewe aseme vingine. Ikiwa boma lenu na lao yana kesi ya mpaka wa shamba, mpe msaidizi mwingine nafasi hiyo hata kama unampenda sana mgonjwa huyo.

Zungumzeni Ekegusii. Mwite kwa heshima aliyozoea kabla ya kuugua: kwa jina la mtoto wake wa kwanza, au omong'ina, au omogaka. Wagonjwa wengi huanza kuitwa kwa jina tupu, kama watoto, siku wanapotoka hospitalini.

Kabla ya ziara ya kwanza

☐ Nimekaa bila kuugua muda wa kutosha, na mhudumu wangu wa afya anajua ninaanza kazi hii.
☐ Mzee mwenyewe amekubali nije. (Mwanawe kukubali hakutoshi.)
☐ Nimezungumza na kliniki ya Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Nyamache nikapata jina la mtu wa kumwuliza.
☐ Ninamfahamu mhamasishaji wa afya wa kijiji, mmoja wa wale waliopewa mikoba ya vifaa vya kupimia tangu Septemba 2023. Presha na sukari ni kazi yake, si yangu.
☐ Nina daftari, na mahali pa kulifungia.
☐ Tumepanga siku isiyogongana na soko, Sabato wala siku ya kuchuma majani, na saa iliyo kabla ya mvua ya alasiri.

> KAZI YAKO: kusikiliza, kusimulia kidogo ulivyopona, kumsindikiza kliniki, kumkumbusha dawa, kumrudisha kwenye shughuli za watu, kupiga mbiu akiwa hatarini.
>
> SI KAZI YAKO: kubadilisha dawa, kusema ana ugonjwa gani, kumkopesha au kukopa kwake, kushika kadi yake ya benki au namba ya siri ya simu, kuamua ugomvi wa familia, kumfunga kamba au kumfungia ndani, hata familia ikikuomba.

Ziara yenyewe

Ziara nzuri ni ya saa moja hivi, mara moja kwa wiki, siku ile ile. Mtu ambaye akili yake ilimsaliti anahitaji kitu kisichobadilika.

1. Shika kazi ya mikono pamoja naye. Chambueni chinsaga, menyeni ndizi, pukuchueni mahindi. Wazee wengi hawawezi kukaziana macho na mtu wakaeleza huzuni. Mikono ikiwa na kazi, maneno hutoka.
2. Uliza la mwili kwanza: alilala vipi, alikula nini, choo kinakwendaje. Hapo ndipo dalili za kurudiwa huonekana mapema, na si swali la aibu.
3. Nyamaza. Akinyamaza, nyamaza naye. Wasaidizi wapya huharibu hapa kwa kujaza ukimya na mawaidha.
4. Chagueni jambo moja la wiki, dogo kiasi kwamba litafanyika: kuchuma mstari mmoja wa chai, kunyolewa, kumpigia simu mtoto aliye Minnesota bila kumwomba pesa. Yeye ndiye achague. Ukichagua wewe, umeshakuwa mkubwa wake.
5. Mwambie utarudi lini, na urudi.

Kuhusu kusimulia yako: kisa chako ndicho kilichokuleta, ila kitumie kama chumvi. Simulia sehemu inayohusu alichokisema tu, kisha umrudishie neno. Akisema anaogopa usiku, mwambie: "Hata mimi niliogopa. Nilikuwa nawasha taa mpaka asubuhi. Wewe unafanyaje?" Usiendelee hadi kulazwa kwako, talaka yako na jina la daktari wako.

Yapo maneno yanayotoka haraka na kuumiza. "Jikaze" humwambia kwamba ni mzembe. "Omba tu" humfanya aamini kwamba kuugua ni upungufu wa imani, na wengine huacha dawa kwa neno hilo hilo. Sala na dawa havigombani. Mchungaji anayekubali kulisema hilo mimbarini atakusaidia kuliko mabango yote. Badala ya hayo, sema: "Nimesikia." Sema: "Ilikuwa nzito." Uliza: "Ungependa nikusaidie nini leo?"

Daftarini andika tarehe, jambo mliloagana, na swali la kupeleka kliniki. Jina la ugonjwa wake na siri za nyumba yake visiwemo. Daftari likidondoka kwenye boda boda, lisimwaibishe mtu.

Kopo la dawa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wazee wanapoanguka.

Omba kuonyeshwa dawa zote, za akili na nyingine. Mara nyingi utaletewa kopo la majarini. Ndani mna bahasha za karatasi za tarehe tatu tofauti, vidonge vya presha, vya sukari na vya akili, mwandiko wa kalamu uliofifia, na vidonge vinne vyeupe vilivyo huru, visivyo na jina. Mzee asiyeona vizuri huvitambua kwa rangi na ukubwa. Hospitali ikipata dawa ile ile kutoka kampuni nyingine, rangi hubadilika. Basi huacha kumeza, au humeza ya zamani na mpya pamoja.

1. Usitupe chochote, usipange upya mwenyewe. Funga kopo lote, pamoja na kadi ya kliniki, mwende nalo siku ya miadi.
2. Mwombe mfamasia aandike kwa herufi kubwa, na achore jua kwa dawa za asubuhi, mwezi kwa za usiku.
3. Tundika kalenda karibu na anapolala. Akimeza, aweke alama. Alama aweke yeye, si mkaza mwana.
4. Mkumbushe kurudi wiki moja kabla dawa hazijaisha. Dawa za akili huadimika, na anayefika siku ya mwisho anaweza kurudi mikono mitupu. Zikikosekana Nyamache, uliza kama zipo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, yenye kitengo cha akili, na panga nauli mapema.

Mwili wa mzee hauchukulii dawa kama wa kijana. Amitriptilini inaweza kufunga choo, kuzuia mkojo, kuleta kizunguzungu na hata kumchanganya. Haloperidoli inaweza kumkakamaza, kumtetemesha, akatembea akiburuta miguu. Diazepamu humlegeza akaanguka, na mfupa wa nyonga ukivunjika uzeeni, anaweza asitembee tena. Ukiona haya, yapeleke kliniki wiki hiyo. Usimwachishe dawa ghafla. Kuacha ghafla kunaweza kumrudisha wodini. Mfundishe kukaa ukingoni mwa kitanda kidogo kabla ya kusimama, na amwombe mjukuu amwekee ndoo ya usiku ndani, ili asiende chooni nje gizani kwenye utelezi.

> ONYO
> Mzee aliyekuwa sawa jana na leo amechanganyikiwa, hajui alipo, anaona vitu, au analala tu: usiseme "imerudi". Inaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka au kupanda, upungufu wa maji, au dawa zenyewe. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Kosa la kuita kila kitu ugonjwa wa akili limezika watu waliokuwa na homa inayotibika.

Akitaja kufa

Wazee husema "nimechoka, Mungu anichukue", na mara nyingi ni msemo tu. Usikisie. Uliza waziwazi, kwa upole: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizi mtu wazo hilo, humpa ruhusa ya kusema.

Akikubali, usimwache peke yake. Uliza amefikiria kutumia nini. Mwombe mwana au jirani aondoe kamba, dawa ya kunyunyizia mimea na ile ya kuogeshea ng'ombe, pamoja na akiba kubwa ya vidonge. Mpelekeni hospitalini. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bila malipo na hutoa ushauri. Wewe pia unaweza kuipiga kuuliza la kufanya. Familia ikisita kwa hofu ya polisi, waambie kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kifungu cha kumwadhibu aliyejaribu kujiua kuwa kinyume cha Katiba. Hili ndilo jambo ambalo hutalitunza kama siri, na umwambie hivyo tangu ziara ya kwanza: "Yote unayoniambia ni yetu, isipokuwa ukiwa hatarini kufa au kuuawa. Hapo nitaita watu."

Pesa na ardhi

Ugonjwa wa akili uzeeni hufuatwa haraka na watu wenye karatasi za kutiwa sahihi. Mzee anaambiwa aweke kidole gumba hapa, "ni ya hospitali", kumbe ni ya shamba. Wewe usishuhudie karatasi yoyote ya ardhi. Mshauri asiweke kidole kwenye kitu ambacho hajasomewa chote na mtu asiye na faida ndani yake. Mwambie pia haki yake: marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yanampa haki ya kushiriki kupanga matibabu yake, kutunziwa siri, na kutambuliwa kuwa mtu mwenye uwezo wa kisheria. Kuwahi kuugua hakumnyang'anyi sauti juu ya mali yake.

Mengine ni ya kufuatilia: kama amefikisha miaka 70, uliza kwa chifu kuhusu Inua Jamii, msaada wa serikali wa shilingi 2,000 kwa mwezi, na hakikisha amesajiliwa SHA, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Nauli ya kumsindikiza Kisii ikubalianeni na familia kabla ya safari, mbele ya watu wawili. Wasaidizi wengi huchoka kwa sababu ya nauli kuliko kwa sababu ya huzuni.

Mkiwa wanne au watano

Hapo anzeni kikundi, kwa mtindo wa *egesangio*: leo tunapalilia kwa mmoja, wiki ijayo kwa mwingine, na mazungumzo yanafanyika palizini. Harare pia, watu wakimaliza vikao vyao vya benchi hualikwa kwenye duara la wenza, na hapo husuka mifuko huku wakizungumza. Msianze na mchango wa pesa. Kikundi kikianza na pesa, anayeugua akakosa mchango huona aibu, na anayekosa kuja ni yule yule mliyemuundia kikundi.

Wewe mwenyewe

Kusikiliza usiku wa mwingine huamsha wako. Usibebe watu zaidi ya wawili au watatu kwa wakati mmoja. Ukianza kukosa usingizi, kukasirika ovyo, kukwepa ziara, au kufika kwake bila kutaka kuzungumza, hizo ni dalili. Zipeleke kliniki kabla hazijakua, na upumzike bila kuomba radhi.

Andika mpango wako leo, ukurasa mmoja: dalili zangu za kwanza ni hizi, nani atakayeniambia ukweli akiziona, nani atakayenipeleka, nani atakayetembelea watu wangu nikiugua. Mpe nakala mtu mmoja nyumbani na mwingine kliniki. Kisha yule atakayeshika nafasi yako mpeleke kwa mzee, mkae watatu uwanjani angalau mara moja, ili siku ukikosekana, mzee asimfungulie mlango mgeni.